Kizunguzungu kwenye mashine si uvivu, mwacheni mtu ashuke

Kuna maneno mawili yanayotumika vibaya sana kwenye vyumba vya mazoezi siku hizi. La kwanza ni "kaza". La pili ni "utazoea".

Mtu amepanda mashine ya kukimbilia, dakika ya nne anasema kichwa kinazunguka. Mwalimu wa jimu, kijana mwenye kifua kama mlango, anamjibu: "Kaza mama, utazoea." Wenzake wanacheka kidogo. Mwenye uwezo wa kukaza anakaza. Asiye na uwezo anashuka kwa aibu, anavaa ndala zake, anaondoka na harudi tena.

Leo nataka tumzungumzie huyo asiyerudi. Mara nyingi hakwenda pale kutafuta kifua wala kupiga picha za kurusha mtandaoni. Alitumwa na daktari. Ana presha, au ana sukari, au magoti yameanza kulalamika kwa uzito, akaambiwa afanye mazoezi. Yeye akiikimbia jimu, presha haimkimbii yeye. Inarudi naye nyumbani, inalala naye, inaamka naye.

Na watu wa aina hiyo si wachache. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulionyesha kuwa karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne nchini ana presha ya kupanda. Sasa piga hesabu mwenyewe mtaani kwako ni wangapi hao, halafu ujiulize tunaweza kumudu kuwapoteza wangapi kwa sababu ya neno "kaza".

Mfano wangu wa leo ni Ifakara na Bonde la Kilombero, na nina sababu. Ukitaka kuona watu ambao miili yao haijui kukaa bure, nenda huko. Ifakara ni mji wa baiskeli. Mtu anatoka Lumemo hadi Kibaoni kwa baiskeli, nyuma kafunga gunia la mchele, mbele kaning'iniza ndoo, na bado anakusalimia kwa mkono mmoja. Ukipanda kuelekea Mang'ula na Kidatu unakutana na wakata miwa. Ukishuka kwenye mpunga, utamwona mama anapita juu ya tuta la jaruba, tuta lenye upana wa unyayo, ndoo ya maji kichwani, mtoto mgongoni, matope kushoto na kulia. Hatikisiki.

Mpandishe mama huyohuyo kwenye mashine ya kukimbilia, mwendo wa kawaida tu wa kutembea. Dakika tatu hazifiki, ameshika vyuma kwa mikono miwili na anasema dunia inazunguka.

Je, huyu ni mvivu? Ni mwoga? Hana pumzi? Jamani, kama huyu hana mizani ya mwili, nani anayo?

Mashine ndiyo ngeni kwake, na kizunguzungu cha kwenye mashine kina sababu zinazoeleweka. Tatizo letu ni kwamba tumeziweka zote kwenye kapu moja tukaliandika "hajazoea". Mimi naona makapu ni matatu, na kila moja lina dawa yake.

Macho yanasema hivi, miguu inasema vile

Kapu la kwanza ni la ubongo kuchanganywa. Mwili unajua umesimama vipi kwa kusikiliza mashahidi watatu. Wa kwanza ni macho. Wa pili ni sikio la ndani, ambako kuna vijifereji vyenye majimaji yanayotikisika kichwa kinapogeuka. Wa tatu ni miguu yenyewe, misuli na viungo, vinavyotuma habari vimekanyaga wapi na kwa uzito gani. Ukitembea njiani kwenda sokoni, mashahidi wote watatu wanasema jambo moja: tunakwenda mbele. Miti inarudi nyuma, nyumba zinarudi nyuma, miguu inasukuma ardhi.

Kwenye mashine ushahidi unapishana. Miguu inaapa kwamba tunatembea, tena kwa kasi. Macho yanasema hapana, ukuta uko palepale, feni iko palepale. Ubongo unabaki kama hakimu mwenye mashahidi wanaopingana. Kizunguzungu na kichefuchefu ni dalili za kesi hiyo.

Watu wa Ifakara wanalijua jambo hili kwa njia nyingine, hawajaliita jina tu. Umekaa kwenye behewa la TAZARA stesheni, treni yenu imesimama. Pembeni kuna mabehewa mengine yanaanza kuondoka taratibu. Ghafla unahisi ni ninyi mnaondoka, hata mkono unashika kiti. Mwili haujasogea hata nchi moja, lakini macho yameshaudanganya. Au muulize aliyevuka bahari kwa boti kwenda Unguja siku ya mawimbi. Anashuka bandarini, anakanyaga nchi kavu, lakini ardhi inaendelea kupanda na kushuka chini ya miguu yake.

Mashine nayo ina tabia hiyo ya boti. Watafiti walishaonyesha kwamba mtu akikimbia kwenye mashine, kisha akashuka, akafungwa macho na kuambiwa akimbie papo hapo bila kusogea, husogea mbele bila mwenyewe kujua. Ubongo umeshapiga hesabu mpya kwamba "mguu ukisukuma, mahali habadiliki", na hesabu hiyo haifutiki mara moja. Ndiyo maana wengi hawasikii kizunguzungu wakiwa juu ya mkanda. Wanakisikia wakishuka, hatua tano za kwanza sakafuni, wanapepesuka kama wametoka kilabuni.

Kizunguzungu cha aina hii kwa kawaida hakina madhara chenyewe, kinapita baada ya dakika chache, na kweli mwili unazoea. Hapo neno "utazoea" lina ukweli wake. Lakini mtu huzoea akianza polepole na kupanda ngazi kidogo kidogo, siku kwa siku. Mtu aliyeongezewa kasi huku kichwa kinazunguka hajapewa nafasi ya kuzoea. Huyo amewekwa kwenye njia ya kuanguka.

Damu ikibaki miguuni

Kapu la pili ni la kusimama ghafla. Hili linawapata hata vijana wenye nguvu zao, hata wachezaji.

Unapokimbia, moyo hausukumi damu peke yake. Misuli ya miguu, hasa ya vigimbi, inaibana mishipa kila unapopiga hatua na kuirudisha damu juu. Wakati huohuo mishipa ya miguuni imetanuka ili misuli ipate damu ya kutosha. Sasa wewe umemaliza dakika 30, umebonyeza kitufe chekundu, umesimama wima kama mlingoti. Pampu ya miguu imezimika lakini mishipa bado imetanuka. Damu inatuama chini. Kichwa kinapungukiwa. Macho yanaona nyota, masikio yanavuma, magoti yanalegea.

Dawa yake haiuzwi duka la dawa. Ni dakika tano za kutembea taratibu kabla ya kusimama. Walimu wetu wa shule za msingi walikuwa wanaijua hii bila kusoma vitabu vikubwa. Baada ya mchakamchaka hawakuruhusu mtoto akae chini papo hapo. "Tembea, tembea, usikae!" Leo tumelipa hela ya jimu na tumeisahau.

Ongeza joto la bonde. Ifakara iko chini, imezungukwa na milima ya Udzungwa na nyanda za Mahenge, na unyevu wa mafuriko unaongeza fukuto. Jasho halikauki, linatiririka tu. Chumba chenye mashine nne, madirisha mawili na feni moja iliyochoka, saa kumi jioni, ni kama kufanya mazoezi ndani ya sufuria la wali. Maji yanatoka mwilini, mishipa ya ngozi inatanuka ili kupoza mwili, presha inashuka. Mtu ambaye hakunywa maji tangu mchana, au ambaye jana alilewa na leo anataka "kuutoa mning'inio kwa jasho", ameshajiandalia anguko.

Kapu ambalo mwalimu wa jimu hana mamlaka nalo

Kapu la tatu ndilo linaloniumiza kichwa, na ndilo lililonifanya niandike. Ni pale kizunguzungu kinapokuwa barua kutoka ndani ya mwili.

Mgonjwa wa sukari aliyemeza dawa au kuchoma insulini asubuhi halafu hakula, akipanda mashine sukari inaweza kushuka vibaya. Anatetemeka, anatokwa jasho la baridi, anaongea visivyoeleweka. Huyu anahitaji kitu chenye sukari, haraka. Mgonjwa wa presha aliyeongezewa dozi wiki iliyopita anaweza kuona giza kila anaposimama, kwa sababu dawa imeshusha presha kuliko mwili ulivyozoea. Mwenye upungufu wa damu, na kina mama wengi wamo, atachoka na kuzungukwa na kichwa kwa mwendo ambao mwenzake anauona wa mzaha.

Halafu kuna malaria. Hatuwezi kuongelea Kilombero tukaiacha. Bonde hili limeifahamisha dunia mengi kuhusu ugonjwa huo. Maabara iliyoanzishwa Ifakara na Waswisi mwaka 1956 ndiyo leo Taasisi ya Afya Ifakara. Lakini mtaani bado utamsikia mtu ana homa anaambiwa, "Nenda kapige zoezi, utoe jasho, homa itaisha." Jamani hapana. Mwili wenye homa moyo wake tayari unakimbia na maji yake tayari yanapotea. Kuuongezea mashine ni kumtwisha mzigo punda aliyeanguka. Na hata baada ya kupona, mpe siku kadhaa. Waliowahi kutibiwa kwa kwinini wanakumbuka masikio yalivyolia na kichwa kilivyozunguka. Dawa hiyo inagusa sikio la ndani. Zipo pia sindano za kuua bakteria, kama streptomaisini na jentamaisini, ambazo zinaweza kuharibu mizani ya sikio. Aliyetumia dawa hizo kisha akaona anapepesuka amwambie daktari. Asimwambie mwalimu wa jimu tu.

Kuna kizunguzungu kingine ambacho chumba kizima kinazunguka ukigeuza kichwa, ukilala au ukiinuka kitandani, kwa sekunde chache kisha kinatulia. Hicho mara nyingi ni chembechembe ndogo za sikio la ndani zilizohama mahali pake. Hakihitaji maombi ya usiku kucha wala kumtafuta mbaya wako. Daktari au mtaalamu wa tiba ya viungo anaweza kukutibu kwa kukugeuza kichwa na mwili kwa mpangilio maalumu, na wengi hupata nafuu haraka.

Kisha kuna moyo. Kizunguzungu kikija pamoja na maumivu ya kifua, mapigo yanayorukaruka, pumzi kukatika kuliko kawaida, au mtu akazimia akiwa katikati ya zoezi, hapo hakuna mjadala. Ni hospitali. Uso ukipinda upande mmoja, mkono ukikosa nguvu, maneno yakiwa mazito mdomoni, hapo ni hospitali kwa bodaboda ya kwanza itakayopita.

Akhwari hakuwa kwenye jimu

Najua nitakachojibiwa. "Michezo ni kuvumilia. Tanzania ndiyo nchi ya John Stephen Akhwari."

Kweli. Mwaka 1968 kule Mexico City, Akhwari alianguka kwenye mbio za marathoni, akaumia goti, akafungwa bandeji na akaingia uwanjani akichechemea, wa mwisho kati ya waliomaliza. Dunia nzima inamkumbuka, na sisi tunajivunia haki yetu. Lakini tumelichukua somo lake tukalitumia mahali pasipo pake. Goti likiuma, kichwa kinabaki kizima. Mwenye goti anapima mwenyewe: naweza, siwezi, niendelee, niache. Kizunguzungu kinakiondoa kile kichwa chenyewe unachotumia kupima. Mtu anayezungukwa na kichwa hawezi kuwa mwamuzi mzuri wa kama aendelee. Ndiyo maana aliye pembeni anatakiwa amsaidie kushuka, na siyo kumpigia makofi.

Wa umri wangu na zaidi watakumbuka picha za Olimpiki ya Los Angeles mwaka 1984. Mswisi Gabriela Andersen-Schiess aliingia uwanjani mwishoni mwa marathoni ya kwanza ya wanawake ya Olimpiki akiyumba, mwili umepinda, joto limemmaliza. Alizunguka uwanja kwa zaidi ya dakika tano huku madaktari wakitembea pembeni yake wakimwangalia. Alimaliza, akatibiwa, akapona. Tunasimulia alivyomaliza, tunasahau kwamba alikuwa na madaktari hatua mbili kutoka kwake. Mama wa Viwanjasitini aliye juu ya mashine ana nani pembeni? Ana kijana anayechati.

Na kama unataka hoja ya mwisho, nenda hospitali kubwa zinazopima moyo. Mashine hii hii ya kukimbilia ni kifaa cha kitabibu. Mwaka 1963 daktari wa Marekani, Robert Bruce, aliutangaza utaratibu ambao mgonjwa anatembezwa kwenye mkanda, na kila baada ya dakika tatu kasi na mwinuko vinaongezwa, huku moyo wake ukisomwa kwenye karatasi. Unajua mgonjwa akianza kuzungukwa na kichwa na kukaribia kuzimia madaktari wanafanya nini? Wanasimamisha kipimo. Daktari wa moyo, mwenye vifaa vyote chumbani, anasimamisha. Mwalimu wa jimu asiye na hata kipima presha anasema "kaza". Nani kamfundisha?

Kichekesho ni kwamba mashine hii ina ukoo na gereza. Mwaka 1818 Mwingereza William Cubitt alitengeneza gurudumu la kukanyagwa na wafungwa, wapande ngazi zisizoisha kutwa nzima. Mfungwa hakuruhusiwa kushuka. Wewe umelipa kwa hela yako. Unaruhusiwa.

Namna ya kuipanda na kuishuka

Sasa tusiishie kulalamika. Mtu anayesoma hapa na ana kizunguzungu anataka kujua afanye nini kesho.

Kabla ya kwenda, kula kitu chepesi saa moja au mbili kabla. Usiende na njaa ya tangu jana, wala usitoke kwenye sinia la wali ukapanda moja kwa moja. Kunywa maji mchana kutwa, usisubiri kiu. Kama una presha au sukari, jua namba zako za siku hiyo, na umuulize daktari dawa zako zinapatana vipi na mazoezi.

Ukifika, usipande mkanda unaotembea. Weka miguu pembeni, kwenye zile kingo zisizosogea. Bana kamba ya dharura kwenye nguo. Ndiyo inayozima mashine ukiteleza. Washa kwa mwendo wa chini kabisa, kilomita mbili au tatu kwa saa, ndipo uweke mguu. Tembea hivyo dakika tano. Siku ya kwanza hata dakika kumi zote ziwe za mwendo huo, hakuna anayekudai.

Macho yawe mbele, kwenye kitu kimoja kisichosogea, usawa wa uso. Usiangalie miguu wala mkanda unavyopita. Mkanda ule unawavuruga wengi. Simu iache mfukoni, na runinga ya pembeni isikugeuze shingo. Anayekuita kutoka nyuma, mjibu bila kugeuka.

Mikono iguse vyuma kwa wepesi mwanzoni, kama unavyoshika ukuta gizani. Usivining'inie. Ukivining'inia, miguu inapoteza kazi yake ya ushahidi na mwili hautajifunza. Kadiri siku zinavyokwenda, ondoa mkono mmoja, kisha wa pili.

Kichwa kikianza, usiruke. Kuruka kutoka kwenye mkanda unaokwenda ndiko kunakovunja watu mikono. Shika chuma, punguza kasi kama bado unajiweza, au vuta kamba, miguu irudi kingoni. Ukishashuka kaa chini au lala, miguu iinuliwe juu ya benchi, pata hewa, kunywa maji kwa mafunda madogo. Kisipopungua, au kikikurudia kila siku unayopanda, acha mashine na nenda kapime.

Ukimaliza vizuri, usisimame ghafla. Dakika tano za kushusha mwendo. Mkanda ukishasimama, simama nawe kidogo umeshika chuma, ndipo ushuke na kutembea polepole chumbani mpaka ardhi iwe ardhi tena.

Na siku ambazo huendi jimu, fundisha mizani nyumbani. Simama kwa mguu mmoja karibu na ukuta. Tembea kwenye mstari wa mkeka, kisigino kikigusa vidole. Kaa na kuinuka kwenye kiti bila kutumia mikono. Shirika la Afya Duniani linawashauri watu wazima dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na kwa wenye miaka 65 na kuendelea linasisitiza mazoezi ya mizani siku tatu au zaidi kwa wiki. Bibi akianguka akavunjika nyonga, familia nzima inaanguka naye.

Wenye jimu, hili ni lenu

Mwenye jimu amenunua mashine kwa mamilioni. Kipima presha kinauzwa kwa hela ambayo haifikii hata tairi la bodaboda yake. Hakuna kisingizio cha kukikosa. Mteja mpya aulizwe maswali manne kabla ya kupanda: una presha, una sukari, unatumia dawa gani, umewahi kuzimia? Dakika mbili tu.

Kamba za dharura ziwepo na zifanye kazi. Nimeziona nyingi zimekatika na nafasi yake imewekwa sumaku ya kudumu ili mashine isisumbue, jambo ambalo ni sawa na kufunga breki kwa waya. Nyuma ya mashine kuwe na nafasi wazi, angalau mita mbili. Mashine iliyobanwa na ukuta kwa nyuma inamgeuza aliyeanguka kuwa kitu cha kusuguliwa na mkanda.

Halafu umeme. Kilombero ni nyumbani kwa maji yanayozalisha umeme: Kidatu yenye megawati 204, Kihansi yenye megawati 180, na maji ya bonde hili yanateremka hadi Rufiji. Bado umeme unakatika, na ukikatika mkanda unakufa ghafla huku mwili wako unaendelea. Kila mteja aelezwe siku ya kwanza: taa zikizima, shika chuma. Na anayeanza, hasa mwenye umri mkubwa, asikimbizwe kwa kasi ambayo mkanda ukifa hataweza kujizuia.

Maofisa michezo wa halmashauri, nanyi msiishie kwenye viwanja vya mpira na ligi za kata. Chumba cha mazoezi ni uwanja pia. Pitieni, kagueni, waiteni walimu hawa siku moja wafundishwe huduma ya kwanza. Ifakara ina Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, ina chuo cha afya, ina watafiti. Wataalamu wapo mtaa wa pili, hawajaalikwa tu.

Tusiitupe mashine

Kuna wanaosema dawa ni rahisi: achaneni na hayo machuma, tembeeni kama wazee wetu. Nawaelewa. Alphonce Simbu alipotuletea dhahabu ya marathoni ya dunia kutoka Tokyo mwaka 2025, mbio zile alizishinda barabarani. Mwenye njia salama na saa nzuri ya asubuhi, atembee. Hatapata kizunguzungu cha macho kupingana na miguu, kwa sababu njiani miti inarudi nyuma kama inavyotakiwa.

Lakini si kila mtu ana njia hiyo. Masika Kilombero matope yanafika magotini. Mama anayefunga biashara saa moja usiku anaogopa giza na bodaboda zisizo na taa. Mzee mwenye goti bovu anahitaji mahali patambarare pasipo na shimo. Christine Clark wa Alaska, ambako theluji inafunika barabara, alifanya sehemu kubwa ya mazoezi yake kwenye mashine nyumbani, na mwaka 2000 akashinda mchujo wa marathoni wa wanawake wa Marekani kwenda Olimpiki. Sisi hatuna theluji, tuna masika. Mashine ina nafasi yake.

Ninachokataa ni mashine kuwa kipimo cha ushujaa. Anayesema kichwa kinazunguka ametoa taarifa, na taarifa hujibiwa kwa maswali: kimeanza lini, umekula nini, unatumia dawa gani, kifua kinauma? Akijibu, mwalimu atajua amshushie mwendo, ampe maji, au amwite dereva wa kumpeleka hospitali.

Kwa hiyo mama, ukisikia kizunguzungu, shuka. Usimwombe mtu ruhusa wala usione haya. Pumzika, kapime, halafu rudi wiki ijayo uanze na kilomita mbili kwa saa. Presha yako haitibiwi na kasi ya siku moja. Inatibiwa na wewe kurudi.